Swichi Arobaini Darini

Nilikuwa namngoja. Muriuki aliingia karakana ya redio saa nane mchana, siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya koito yetu, siku ya wazee kukubaliana mahari, amekumbatia blanketi ndani ya karatasi ya nailoni ili lisilowe. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kiwanda cha chai kwa nguvu, na ilibidi mtu apaze sauti hata akitaka kusema siri.

"Nimepata lile zito," akasema, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule upande ulionipoteza mimi miaka miwili iliyopita. "Mama yangu alitaka ninunue jepesi. Nikamwambia mama yake Tecla anakaa huku juu kwa baridi, si Kisumu."

"Weka hapo. Halafu ufunge mlango."

Akafunga. Akavua miwani aipanguse kwa shati. Bila miwani uso wake huwa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini, na mimi huwa nataka kuushika. Siku hiyo nilitia mikono mifukoni mwa koti la kazi na kuiacha humo.

"Kuna nini? Ni wazee? Wameongeza ng'ombe?"

"Wazee hawajaongeza kitu. Kaa."

"Ukiniambia nikae na hiyo sauti, najua nimekwisha."

"Kaa, Muriuki."

Akakaa kwenye kiti changu, mbele ya meza yenye redio sita zilizofunguliwa matumbo. Kando yake lilikuwa daftari lake la majaribio, lile lenye jalada jeusi. Aliliona. Nikaona alivyoliona.

Nitaeleza kwa kifupi, maana mambo ya ufundi yakielezwa kwa urefu yanachosha. Nina umri wa miaka thelathini na nne, nina diploma ya elektroniki, na nina binti wa miaka tisa, Nelvine, ambaye baba yake alipotea kabla hajajifunza hata kumbeba. Kiwanda kiliniajiri kutunza redio za vituo vya kununulia majani na za malori yanayoyakusanya. Muriuki alizaliwa mjini Kericho, mtoto wa Mama Priscillah mwenye duka la sare za shule, lakini kazi yake ilikuwa Nairobi, mhandisi wa maabara moja. Alirudi huku na sanduku la swichi.

Swichi yenyewe huioni kwa macho. Ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Ndani yake kuna kijidaraja cha dhahabu. Ukikipa umeme kinainama na kugusa chini, ukikata umeme kinainuka. Huko kuinama na kuinuka ndiko kunakoichagulia redio masafa, hivi kwamba redio moja ndogo inafanya kazi ya redio nne na betri haiishi upesi. Ugonjwa wake ni mmoja tu: kunata. Unyevu ukiingia, kijidaraja kikainama, hakiinuki tena. Dawa ya kawaida ni kuifunga kila swichi kwa kifuniko kisichopitisha hewa, na kifuniko hicho ni ghali kuliko swichi. Maabara ya Muriuki ilidai imepata rangi ya kuipaka, hata kifuniko kisihitajike. Wakataka pahali pa kujaribia penye ukungu wa kweli. Wakatuletea sisi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama. "Usipumue," alikuwa akiniambia, kichwa chake kando ya changu juu ya darubini. "Pumzi yako ina maji." Tulikuwa tunashikilia pumzi pamoja mpaka mmoja ashindwe. Mara nyingi nilishindwa mimi, na si kwa sababu ya mapafu.

Hivyo ndivyo nilivyompenda. Sasa nirudi kwenye meza.

"Hizi redio umezifungua kwa nini?" akauliza.

"Makarani wamelalamika tangu Jumatatu. Kituo cha tatu hawasikii lori. Nikazileta zote, nikaziangalia. Zimenata. Hizi ni za sanduku la pili, Muriuki. Sanduku jipya."

"Ni hii mvua. Mwezi huu wa nane imezidi."

"Hizi hazijawahi kulala darini kwa mama yangu."

Akavaa miwani. "Tecla, sikiza..."

"Bado. Nikasema wacha nilinganishe na zile za kwanza. Nikafungua daftari lako. Sijawahi kulifungua, unajua. Mwandiko wako ni kama kuku amekanyaga matope. Lakini tarehe zinasomeka." Nikalifungua palipo na kipande cha karatasi na kumsomea. "'Aprili kumi na moja. Sanduku la swichi arobaini. Nimezijaribu zote kwa ukungu wa asubuhi. Thelathini na nane zimenata. Mbili zinasuasua.'"

Nikalifunga daftari na kuliweka mbele yake.

"Mama yangu aliweka lile sanduku darini tarehe mbili mwezi wa tano," nikasema. "Hesabu mwenyewe."

Hakuhesabu. Alitazama mikono yake.

Mwezi huo wa tano nguzo ya umeme ilianguka hapa kiwandani, na kabati la kukaushia likakaa siku kadhaa bila moto. Muriuki alikuwa anasafiri Nairobi kwa siku tisa. Alinipa sanduku. "Likae pakavu," aliniambia. "Pakavu sana." Nikalipeleka nyumbani nikiwa na haraka ya zamu, nikamwambia mama: "Hii ni mali ya Muriuki. Isipate unyevu hata kidogo. Weka mahali pakavu kuliko pote." Nikakimbia. Sikusema wapi. Kosa hilo ni langu na nitazeeka nalo.

Kwetu mahali pakavu kuliko pote ni darini, juu ya meko, pale panapowekwa mahindi ya mbegu. Hapawekwi takataka. Mama alishusha mbegu zake mwenyewe apate nafasi, akaliweka sanduku katikati, akawasha moto mchana na usiku kwa siku tisa ili mali ya mkwe isipigwe na baridi. Muriuki aliporudi na kulifungua hapo uani, harufu ya moshi ilituingia sote puani. Kila swichi ilikuwa na masizi. Mjomba Hezekiah alikuwepo, majirani walikuwepo. Muriuki akasema, "Mama, umechoma kazi yangu ya miaka mitatu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mama hakulia. Wiki iliyofuata aliita wazee, akachagua ndama jike mwekundu, bora zizini, akamtoa mbele yao. Alisema huwezi kupeleka binti kwa watu uliowatia hasara bila kwanza kuosha njia.

"Niambie sasa," nikamwambia Muriuki. "Ulijua zimekufa kabla ya moshi."

"Nilijua."

"Basi ulinipa za nini?"

"Nilitumaini zikikauka vizuri zitaachia. Wakati mwingine zinaachia." Aliinua macho. "Halafu nikafika Nairobi, wakanipa barua. Walikuwa wanafunga mradi mwisho wa mwezi. Wananihamisha Ujerumani miaka minne. Nilikuwa narudi kukuaga, Tecla. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nikafungua lile sanduku, nikasikia moshi."

"Ukafurahi."

"Usiseme hivyo."

"Nauliza. Ulifurahi?"

Alichukua muda. Nampa hilo, alichukua muda. "Kidogo," akasema. "Niliona mlango. Swichi zikishindwa kwa ukungu, mradi umekufa. Zikiharibika kwa ajali, watu hupewa sanduku lingine. Niliandika ni ajali, mtu wa nyumbani hakuelewa maagizo. Wakanipa mwaka mmoja. Huo mwaka si wa maabara. Huo mwaka ni wetu. Ningekuambia nini, kwaheri?"

"Ungeniambia zimenata."

"Na ungebaki hapa na mimi niende."

"Labda ningekuja nawe. Labda ningekungoja. Hukuniuliza. Ulimchukua mama yangu ukamfanya kifuniko."

Aliinamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimelowa nyuma ya shingo, na nilijua zingenukaje nikizikaribia. Inaudhi jinsi mwili unavyokumbuka mambo yake hata wakati kichwa kina kazi.

"Na ndama?" nikauliza.

"Nilimkataa."

"Mara moja."

"Mjomba wako alisema kukataa mara ya pili ni matusi."

"Kwa hiyo ulimchukua kwa adabu."

"Tecla, unajua mama yangu alivyokuwa. Unajua alichokuwa anasema juu yako."

Nilijua. Mama Priscillah alisema duka zima likisikia: mwanawe hajasoma hivyo aje kulea mtoto wa mwanamume mwingine. Alisema Nelvine ana macho ya mtu atakayekuja kudaiwa na ukoo wa baba yake. Mwaka mzima hakunipa hata kiti.

"Siku nilipompelekea yule ndama alilegea," Muriuki akasema. "Alimzunguka, akamshika nundu, akasema, hawa angalau ni watu wa heshima. Ni hapo alikubali kuja Jumamosi. Nikimwambia leo kwamba ndama si haki yetu, atarudisha ndama na arudishe msichana pia."

"Kwa hiyo ndoa yangu imesimama kwa miguu ya ndama."

"Imesimama kwa sababu nakupenda."

Alisema hivyo bila kunisogelea, na kwa sababu hakunisogelea nilimwamini. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili lote. Hakuwa ananidanganya kuhusu hilo.

"Unajua mama anaitwaje sasa kule kituoni?" nikamwuliza. "Wanawake wakipanga foleni na vikapu vya majani, wanasema, mpisheni Mama Moshi. Hagusi simu yangu tena. Nikimwambia anishikie hata chaja, anasema, weka mwenyewe, nisije nikaharibu. Mwanamke aliyenilipia diploma kwa majani ya chai, kilo baada ya kilo, anaogopa chaja."

"Sikujua imefika hapo."

"Unakula kwetu kila Jumapili."

Akalisukuma daftari mbali naye.

"Twende ukamwambie," nikasema.

"Sasa?"

"Sasa. Kabla wazee hawajakaa."

"Tungoje Jumamosi ipite. Tukishamaliza mambo ya wazee nitamwambia mimi mwenyewe, naapa, nampeleka hata Kericho nimnunulie..."

"Jumamosi ikipita nitakuwa mkeo, na mke huambiwa anyamaze. Twende sasa. Useme mwenyewe kwa mdomo wako. Ukisema yote, mimi Jumamosi nitavaa lile gauni na Mama Priscillah atasema anachotaka. Nitalimeza."

"Unaahidi?"

"Nimekudanganya lini?"

Akasimama, akachukua blanketi.

Tulitumia mwavuli mmoja. Kutoka kiwandani hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini, njia nyembamba kati ya michai, na ukitembea wawili ni lazima mmoja alowe. Alilowa yeye. Kila nikisogeza mwavuli upande wake, aliurudisha. Bega lake lilikuwa moto kupitia shati. Wachumaji walikuwa wamejificha chini ya nailoni zao, na mmoja, Chepkemboi, ambaye tulisoma naye, akapiga mluzi.

"Jumamosi iko mbali kwenu nyinyi wawili, ama namna gani?" akasema.

"Chuma chai yako," nikamwambia, na Muriuki akacheka. Nilitamani njia iwe ndefu hadi Sigor.

Mama alikuwa jikoni. Ni mwanamke mfupi, mikono mikavu, kitambaa kimefungwa nyuma ya masikio. Alipomwona Muriuki alitimua kuku kwenye kiti chenye mgongo, akakipangusa mara mbili.

"Sandana," akamwita, ndivyo tunavyomwita mkwe. "Umelowa hivyo na mwavuli uko? Tecla, wewe ulikuwa umeficha mwavuli wapi?"

"Ni yeye amekataa, mama."

"Mwanaume akikataa mwavuli unamnyang'anya njia, halafu utaona kama hataingia." Akacheka mwenyewe, kwa mkono mdomoni.

Muriuki akamnyooshea blanketi kwa mikono miwili. "Mama, hii ni yako. Ya baridi."

Mama aliitazama ile nailoni inayong'aa. Mikono yake ilianza kuinuka, kisha akairudisha na kuipangusa kwenye leso.

"Wewe Tecla pokea," akasema. "Mimi nina masizi."

Nilipokea. Nikamtazama Muriuki. Aliona. Hakuna mtu angeweza kutoona.

Mama akammiminia chai, kikombe kikubwa cha wageni. Mimi nikasimama kando ya mlango. Muriuki alishika kikombe kwa viganja vyote, akanywa kidogo, akanywa tena. Mama aliuliza habari za Mama Priscillah, akajibiwa ni mzima. Aliuliza watakuja wangapi Jumamosi, akajibiwa kumi na wawili. Akasema shangazi anatoka Sigor kesho na unga wa wimbi. Kikombe kikafika nusu. Kikafika robo. Sikukohoa, sikumkanyaga mguu, sikumsaidia. Nilishikilia pumzi kama kwenye darubini.

"Mama," akasema mwishowe. "Kuna jambo. La mwezi wa tano."

Mama akaweka birika chini.

"Nimefikiria sana," Muriuki akaendelea, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, sauti ya mtu anayetoa zawadi. "Naona halikuwa kosa lako peke yako. Hata mimi nilikosea. Ningekuja mwenyewe nikuonyeshe pa kuweka. Tena zile swichi hazikuwa imara sana, hata bila moshi labda zingesumbua. Kwa hivyo nataka tulisahau. Jumamosi hakuna mtu atalitaja. Nimeshamwambia hata mama yangu asilitaje."

Labda. Alisema labda.

Mama alisukuma birika pembeni. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akifanya tangu mazishi ya baba. Aliinuka, akamwekea Muriuki mkono kichwani, mkono wenye masizi na wote, akamwombea kwa lugha yetu, baraka ndefu, ya ng'ombe na watoto na mvua isiyo na mawe. Akamaliza kwa Kiswahili ili aelewe.

"Umenisamehe mara ya pili, mwanangu. Kongoi, asante sana. Wengine hawasamehi hata mara moja."

Muriuki alinitazama juu ya mkono wa mama. Macho yake yalikuwa yananiomba. Yalikuwa yanasema: ona, amefurahi, inatosha, tusimwumize zaidi. Nikangoja aseme jambo moja zaidi. Alifungua mdomo.

"Asante, mama," akasema.

Akamalizia chai.

Nikamwambia mama kwa Kipsigis. Sikupamba. Nilisema swichi zilikuwa zimekufa wiki tatu kabla ya yeye kuzigusa. Nilisema Muriuki alijua. Nilisema aliandika Nairobi kwamba ni mtu wa nyumbani aliyeharibu, ili apewe nyingine na mwaka wa kukaa hapa. Sentensi tatu. Muriuki haelewi lugha yetu vizuri, lakini jina lake na neno Nairobi aliyasikia, na akakiweka kikombe chini.

Mama akakaa. Alichukua muda mrefu kukitafuta kigoda, kana kwamba kimehamishwa.

"Siku ile ulinusa sanduku," akamwuliza kwa Kiswahili, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na siku ya ndama?"

"Hata siku hiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa njia. Nilidhani atamgeukia yeye. Akanigeukia mimi.

"Nani alikuuliza?" akasema kwa lugha yetu.

"Mama?"

"Mimi nilikuuliza? Nimekuja kwako nikalia? Hiyo aibu ni yangu. Nimeibeba miezi mitatu, imeshakaa mgongoni kama kuni. Sasa unanitua ili iweje? Kituoni wakiniita Mama Moshi nacheka nao. Nimejifunza kucheka. Iache. Uolewe."

"Siwezi."

"Una miaka mingapi? Mtoto wako anamwita nani baba?"

Nelvine alikuwa anamwita Muriuki baba tangu Krismasi. Alianza kwa bahati mbaya, na hakuna aliyemrekebisha.

"Mama, huyu akianguka anatafuta mtu wa kuangukia. Alianza na wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Kesho nitakuwa mimi. Keshokutwa ni Nelvine, atasikia kwamba ni yeye aligusa kitu."

"Wanaume wote ni hivyo."

"Baba alikuwa hivyo?"

Akachukua kuni moja, akaigeuza, akairudisha palepale.

"Nimeshafurahi," akasema, na sasa sauti ilikuwa imevunjika. "Dakika moja iliyopita nilikuwa nimefurahi. Ungeniachia."

Nikaliweka blanketi juu ya kabati.

Muriuki alikuwa amesimama. "Tecla, niambie nifanye nini. Naandika barua Nairobi leo. Naenda kwa mjomba Hezekiah sasa hivi, nasema mbele ya wazee wote. Narudisha ndama mimi mwenyewe kwa mkono. Mama, naomba..."

"Usimwombe," nikasema. "Atakukubalia."

"Basi nakuomba wewe."

"Nilikupa kikombe kizima, Muriuki. Nilisimama hapa nikakitazama kinaisha. Ungesema ukiwa na tone moja limebaki, ningekufuata hata Ujerumani."

"Nimesema sasa."

"Sasa umeshikwa. Hata mwizi wa majani hukiri akishashikwa na kikapu."

"Nilitaka asiumie."

"Ulitaka akushukuru."

Alipokea neno hilo kama kofi. Akavua miwani, lakini hakuipangusa, aliishika tu, na ule uso wa mtu aliyeamshwa ukanitazama kutoka upande wa pili wa jiko. Nilikuwa na hatua nne tu kumfikia. Nilizihesabu. Nampenda, na sitaki mtu anayesoma haya adhani niliacha kumpenda mahali fulani kati ya karakana na jikoni. Sikuacha. Ningeacha, ingekuwa kazi rahisi.

"Nelvine utamwambia nini?" akauliza.

"Ukweli. Kwa vipande vya umri wake."

"Atanichukia."

"Hatakuchukia. Mimi pia nimejaribu tangu asubuhi."

Akatoka bila mwavuli. Mama akainuka upesi, mazoea ya miaka mingi, akautwaa pale ukutani ampelekee, akafika mlangoni, akasimama. Tulimtazama akishuka kwenye michai hadi shati lake likawa doa, kisha ukungu ukalichukua.

"Utajuta," mama akasema, bado kashika mwavuli.

"Nimeshaanza."

"Na mimi sitakuwa upande wako. Ujue. Watu wakiuliza, nitasema ni wewe."

"Sema."

Akatoka kwenda kwa ng'ombe, ingawa wakati wa kukama ulikuwa bado. Nilibaki na kikombe. Nikakiosha, nikakikausha, nikakirudisha kabatini, maana vyombo havingoji mtu amalize kulia. Kisha nikatoa simu. Mama Priscillah angepigiwa na mwanawe; hiyo haikuwa kazi yangu. Yangu ilikuwa Mjomba Hezekiah, ambaye ndiye msemaji wa nyumba yetu na alikuwa ameshatuma watu kwa mbuzi.

Akapokea mara ya pili. Nyuma yake nilisikia vicheko, watu wakishusha viti vya kukodi.

"Mjomba," nikasema, "waambie wazee Jumamosi wasije. Na wale wa Kericho wasije. Hakuna koito."

Kwetu siku ikishatajwa na wazee haivunjwi kwa mvua wala kwa ugonjwa. Inavunjwa kwa msiba tu, na kila mtu anajua hivyo, hata watoto. Nilisikia akiwanyamazisha wale wa viti, akisogea pembeni, akifunga mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayevua kofia.

"Nani amekufa, Tecla?"

"Hakuna, mjomba," nikamwambia. "Tuko wazima wote."